Kwa Nini Pamba? Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Picha zako zote saba zimefika. Baba yako alizitazama akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu lile rundo nalifahamu, nimeishi nalo. Mifuko ya sufu imepanda hadi usawa wa dirisha, kitani kimekunjwa kana kwamba kinangoja safari, na fremu ya kutarizia imeegemea ukuta ikiwa na ua moja na nusu. Umeomba nikwambie kipi kitupwe. Kisha mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja jambo dogo huku keshashika kitasa cha mlango, ukaongeza kuwa umejitoa kwenye mashindano ya ufundi wa kale ya mwaka huu. Majaji, umesema, kazi yao ni kutafuta makosa, na makosa yako unayajua mwenyewe.

Nimekaa na barua yako siku nne. Nilikusudia kujibu la mifuko na kulinyamazia la mashindano, maana wewe ni mtu mzima. Lakini kila nilipoandika habari ya mifuko, kalamu iliishia kwa majaji. Basi nimeiacha iende.

Ili nisiwe yule mganga asiyejiganga, nilianza na kabati langu mwenyewe. Lile la koridoni, ambalo ulipokuwa mdogo ulikatazwa hata kuliegemea. Chini kabisa palikuwa na kilo mbili za sufu ghafi niliyoiweka akiba sikumbuki mwaka gani. Nilipofungua mfuko, nusu yake ilikuwa imegeuka unga. Wahenga walisema akiba haiozi. Naona hawakuwa na nondo kabatini. Na ujue hili, kwa sababu kwenye picha ya tatu nimeona mfuko wako uko wazi: nondo mwenyewe, yule anayeruka, hali kitu, kinywa chake hakiwezi. Mlaji ni funza wake, naye hupenda sufu na manyoya, hasa palipo na jasho au doa la mafuta. Kwa hiyo hata ukimpiga kofi yule anayezunguka taa, karamu inaendelea ndani ya mfuko. Sufu iliyosalimika nimeifunga kwenye plastiki nikaitia kwenye friza, digrii 18 chini ya sifuri, wiki mbili kamili. Baba yako analalamika kwamba hana pa kuweka barafu yake.

Nilisimama pale na unga wa sufu mikononi nikajiona mjinga kidogo. Miaka yote hiyo nilidhani nimeihifadhi. Kumbe niliiacha tu. Kuhifadhi kuna kazi yake: kufua, kukausha, kufunga, kufungua tena na kukagua. Kitu usichokuwa tayari kukifanyia kazi hiyo, hujakiweka, umekipa nondo.

Juu ya sufu hiyo nilikuta kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa. Mkanda wangu wa vibao. Vibao 24 vyembamba vya mbao, kila kimoja na matundu manne kwenye pembe zake, nyuzi za mtande (zile za urefu) zingali zimepita humo, na mkanda uliokwisha fumwa kama shibiri tatu hivi. Nilihesabu miaka nikapata kumi na mmoja.

Unakumbuka nilivyokusimulia habari za meli ya Oseberg? Ile iliyofukuliwa Norway mwaka 1904, ambamo wanawake wawili walizikwa mwaka 834. Pamoja na gari la kukokotwa, vitanda na ndoo, walikuta humo vibao 52 vya kufumia, mkanda haujaisha, nyuzi bado zimo. Kwa muda mrefu nilijifariji kwa habari hiyo. Kama mabibi wakubwa wale waliondoka duniani na kazi isiyokwisha, mimi ni nani? Ila safari hii nilipoutazama wangu nikaona tofauti iliyopo. Wao walifariki. Mimi nilikuwa nimehamia kwenye kutengeneza kofia.

Sehemu kubwa ya kinachojaa nyumba za watu wa ufundi ni maamuzi yaliyoahirishwa. Kitambaa hiki kitakuwa shati au gauni? Hatujaamua, basi kinakaa. Ngozi hii itatosha viatu, au ni ya mfuko tu? Inakaa. Na kazi isiyokwisha ina ubaya wa ziada, huwa imeshika vifaa mateka. Sindano yako nzuri imo ndani ya ua lile la nusu. Fremu nayo imo. Mkasi mdogo umeukosa tangu lini? Ukinunua mwingine, rundo limezaa.

Mkanda ule una asili yake, na hiki ni kisa ambacho sijawahi kukusimulia chote.

Kabla ya huo palikuwa na mkanda mwingine, wa kwanza. Hapa nyumbani ulishangiliwa. Mcheza kwao hutunzwa, na mimi nilitunzwa kweli: baba yako aliuonyesha kwa kila mgeni aliyeingia, hata fundi bomba. Nikaupeleka kwenye mashindano ya ufundi wa kale ya kikundi kimoja kidogo. Nikautandaza juu ya kitambaa cheusi, na kando yake ukurasa mmoja wa maelezo niliouandika usiku wa kuamkia siku yenyewe. Fomu iliporudi, nilikuwa nimepata alama 11 kati ya 20, na kwenye nafasi ya maoni jaji mmoja alikuwa ameandika maneno matatu tu. “Kwa nini pamba?”

Nilikasirika wiki nzima. Wewe ulidhani nimegombana na baba yako. Nilikuwa nagombana na maneno matatu, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa aibu: pamba, kwa kuwa ndiyo iliyokuwemo kabatini. Mtu mmoja alipohama alinigawia vibunda vya uzi wa pamba, nami nilitaka kuvimaliza. Nilikuwa nimeandika kwa mwandiko mzuri kwamba hii ni kazi ya Skandinavia ya karne ya 10. Huko mikanda ya namna ile ilifumwa kwa sufu, kitani na hariri. Makaburi ya Birka, Sweden, yametoa mikanda ya hariri iliyopambwa kwa nyuzi za fedha. Mimi nikaifuma kwa uzi wa kupewa. Kabati ndilo lililoamua, mimi nikashika vibao tu.

Hilo ndilo lililonifanya nishindwe kuandika juu ya mifuko bila kuandika juu ya majaji. Ukiwa na vitu vingi mno, vitu huanza kukuchagulia. Unashona kwa rangi usiyoipenda kwa sababu ipo. Unatengeneza kisichohitajika ili kupunguza kilichozidi, na mwisho una vyote viwili. Jaji yule, ambaye hata sura yake siikumbuki, aliona kabati langu bila kufika nyumbani kwangu.

Jaji wa pili, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, aliandika kidogo lakini alinifuata mezani. Aliupindua mkanda akatazama nyuma yake kwanza, ambako hakuna mgeni wa baba yako aliyewahi kutazama. Unajua jinsi vibao vinavyofanya kazi: kila unapokizungusha kibao kuelekea upande uleule, nyuzi zake nne zinajisokota nyuma yake, na msokoto ule lazima uutoe. Ama ugeuze mzunguko, ama ukipindue kibao, ama ulegeze ncha ya mtande. Mimi nilikuwa nageuza popote nilipozidiwa, na kila nilipogeuza palibaki alama kama pengo la jino. Akaniambia nigeuze kwa hesabu, kila baada ya mizunguko ileile, ili alama iingie kwenye nakshi. Kisha akanionyesha pembeni, mshindio (uzi unaopita kwa upana) ulivyovutwa hapa na kulegea pale, akanipa hila ya kuuacha nje kidogo na kuuvuta tu baada ya kuzungusha tena. Yote hayo yalichukua dakika ishirini. Hakuna mtu mwingine, si baba yako, si wewe, si bibi yako Mungu amrehemu, aliyewahi kuutazama ule mkanda kwa dakika ishirini.

Mlikuwa mnanipenda, hamkuwa mnautazama. Ni mambo mawili, na sikulaumu.

Watu wakisikia mashindano hudhani ni mbio, mmoja mbele na wengine nyuma. Yapo ya namna hiyo. Lakini ufundi una desturi nyingine, ya kumkutanisha mtu na kipimo badala ya mwenzake. Vyama vya mafundi vya Ulaya ya zama za kati na baada yake vilimtaka mwanafunzi aliyekomaa atengeneze kazi moja ya kumpima, na waliobobea waikague kabla ya kumkubali awe miongoni mwao. Ufaransa bado wana shindano la mafundi bora, Meilleur Ouvrier de France, lililoanza mwaka 1924. Anayefikia kiwango hupewa jina hilo, hata wakiwa kadhaa katika fani moja, na wengi, hasa wapishi, huvaa kola yenye rangi tatu za bendera. Wale wa Society for Creative Anachronism, chama cha watu wanaoiga maisha na ufundi wa kale, kilichoanza kama sherehe ya uani huko Berkeley, California, tarehe 1 Mei 1966, nao wana mashindano yao ya sanaa na sayansi. Kila eneo lina fomu yake, lakini kwa kawaida wanapima mambo yaleyale: maelezo, vifaa na njia vinavyolingana na kipindi, ugumu wa kazi, ubora wa mikono, na ubunifu.

Mtu mgeni huyaona maelezo kuwa adhabu. Amefuma miezi mitatu, sasa tena aandike? Mimi naona ndiyo yenye thamani kuliko vyote, na ningekuwa na uwezo ningeyapa alama nyingi zaidi. Unasema kitu hiki ni nini, cha wapi, cha lini. Unasema unajuaje: umeona kitu chenyewe kwenye jumba la makumbusho, au mchoro, au ripoti ya wachimbaji, au umeona tu mtu mwingine amekivaa. (Hilo la mwisho si ushahidi, ingawa wengi tumeanzia hapo.) Kisha inakuja sehemu inayotenganisha watu: nimebadilisha nini, na kwa nini. Hakuna anayefanya kila kitu kama zamani. Ukiandika kwamba umepata buluu yako kwa nili badala ya mmea wa Isatis, ule wa buluu wa Ulaya, kwa kuwa kiini cha rangi ni kilekile, jaji atatikisa kichwa kwa kuridhika. Ukiandika kwamba mizizi ya Rubia, ile ya kutoa rangi nyekundu, iligeuka kahawia kwa sababu uliacha maji yakachemka, ataandika kwamba mwaka ujao usipite digrii 70 hivi, na shabu, inayoshikisha rangi, uitie kwanza. Anachokataa ni kimya. Pamba bila neno.

Sasa nenda kasimame katikati ya chumba chako ukiwa na swali hilohilo. Sisemi ukishike kila kitu uone kama moyo unafurahi. Wewe moyo wako unafurahi na kila kitu, hiyo ndiyo shida. Uliza kama jaji. Hiki ni nini? Cha kazi gani? Kwa nini kiko hapa? Jibu likiwa “kwa sababu nilipewa”, umepata maneno yako matatu.

Nikwambie nilivyofanya mimi. Kabla ya kulifungua kabati nilichukua karatasi nikaandika kila nilichokumbuka kimo. Wazo nililipata kwenye wosia za kale. Ukizisoma, watu wa zama za kati humwachia binti gauni moja la samawati, mpwa jozi moja ya shuka, mtumishi sufuria moja ya shaba. Vitu vilikuwa vichache na vya thamani kiasi cha kutajwa kimoja kimoja, na mtu akiwa kitandani anaumwa alijua kila kimoja kiko wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na yangu ilikuwa imepotea mita mbili kutoka chumbani kwangu. Niliandika vitu 19. Nilipofungua nilihesabu 63 nikachoka, na pembe moja nilikuwa sijaigusa.

Vile 44 ambavyo sikuvikumbuka nilivitandaza sakafuni, nikavitaka vijitetee. Vingi havikuwa na la kusema. Nyuzi za nailoni, mfuko wa vifungo vya plastiki, shanga ambazo sijui zilitoka wapi, na vile vibunda vya pamba vyenyewe, vitatu vimebaki, vinanitazama. Lakini katikati ya hivyo nilikuta kastabini ya bibi yako, imeingia ndani ya soksi. Hainitoshi, kidole chake kilikuwa chembamba. Haina kazi, haina kipindi, haina ugumu, haina alama hata moja. Nimeiweka kwenye droo ya kitanda. Usimruhusu mtu yeyote, hata mimi, akuambie kanuni haina mlango wa nyuma.

Kuhusu mifuko yako ya vipande. Nguo za zama za kati zilizofukuliwa Herjolfsnes, Greenland, mwaka 1921, zilizohifadhiwa na ardhi iliyoganda, zimejaa vipande vya pembetatu vilivyoungwa ubavuni na katikati kupanua upindo. Mikato ile ilipangwa ili kitambaa kisipotee, maana mtu aliyesokota kila uzi kwa kijiti, kisha akaufuma, hakati ovyo. Wewe na mimi tuna magunia ya vipande kwa sababu hatukusokota. Kipande kilicho kidogo kuliko kiganja, mwanangu, acha kiende. Kikubwa zaidi kibaki, lakini kiwe ndani ya sanduku moja, na sanduku likijaa kinachoingia kikitoe kingine. Na ukikata nguo ijayo, jaribu kukata kama wao, mistatili na pembetatu. Utashangaa sakafu ilivyo safi jioni.

Kuna jambo moja kwenye picha ya tano ambalo si la mzaha. Zile chupa nne za rangi za kuchorea, mbili hazina karatasi. Rangi za kale nyingine ni sumu halisi: nyeupe ya risasi, ile njano ya dhahabu yenye aseniki, nyekundu ya zebaki. Hujui iliyo humo ni ipi. Usiifungue kuinusa, usiimwage kwenye sinki, usiitie kwenye pipa la taka za kawaida. Ifunge, andika juu yake “haijulikani, huenda ni sumu”, uipeleke kwa wanaopokea kemikali. Na kuanzia leo chupa isiyo na jina isiingie chumbani kwako.

Unapogawa vitu vyako, gawa kama mtu mwenye heshima. Nimeona mafundi wakubwa wakimtupia mwanagenzi mfuko wa nyuzi zilizosukana, nusu yake plastiki, huku wakijisikia wakarimu. Huko ni kuhamisha rundo. Mwanagenzi hajui kukataa, atalibeba nyumbani, na miaka kumi baadaye atafuma kwa pamba. Mpe kimoja kinachotosha kazi moja: kitani cha shati moja kimeshafuliwa, sindano mbili, nta kipande, na uzi wa kitani. Atamaliza, atarudi.

Najua utakachosema juu ya majaji, na mengi utakuwa sahihi. Wapo wanaopima kile wanachokijua wao. Mpe mtu wa ngozi kazi ya kutarizi, atakupa alama za mwandiko. Wapo wanaofikiri ukali ni elimu. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa jaji, na siku hiyo, kazi ya kumi na nne ikiletwa, nilikuwa nimechoka nikampa kijana mmoja sentensi mbili ilhali alistahili kurasa mbili; mpaka leo hunirudia. Mgeni kabisa ni bora aanzie kwenye meza ya maonyesho tu, bila alama, watu wapite wamuulize maswali. Wala singeshauri mtu aingie kila mwaka. Nimewaona walioshika mchezo wa alama mpaka wanatengeneza kitu kigumu wasichokihitaji, kinapata alama nyingi, kinarudi kwenye sanduku, hakivaliwi kwa kuogopa kuchafuka. Hilo nalo ni makorokoro, yana cheti tu. Mkanda wangu wa kwanza, wa alama 11, nimeuvaa mpaka umechanika ukingo. Kikombe nilichopata baadaye kwa kofia baba yako anawekea misumari, na sijamzuia.

Nilichokitunza ni fomu. Ziko sita, zimo kwenye bahasha moja, hazijazi hata droo. Ukiniuliza nimefaidika nini na mashindano kwa miaka yote hiyo, nitakuonyesha bahasha hiyo. Watu waliojua kazi walikaa na kazi yangu wakaniandikia. Wewe unasema makosa yako unayajua. Unayajua yale unayoyaona, mwanangu, na nyuma ya mkanda huangalii. Mimi nilikuwa nafikiri kosa langu ni rangi.

Kuna faida nyingine ambayo haitajwi, ya kawaida kabisa: mashindano yana tarehe, na yana meza. Tarehe inakulazimisha umalize. Meza ni upana wa mikono miwili, haipokei chumba kizima. Katika kila ulichonacho unachagua kimoja, unakisafisha, unakata nyuzi zinazoning'inia, unakipa jina. Ndani ya nyumba yetu hakuna siku iliyowahi kusafisha vitu vingi kama wiki ya mwisho kabla ya mashindano, kwa sababu kila kisichohitajika kwa kazi ile moja kilikuwa kinanizuia kupita.

Basi ushauri wangu, na si amri. Usianze na mifuko ya sufu. Anza na lile ua moja na nusu. Usilitarizi, kaa uandike maelezo yake kwanza. Limetoka wapi, la karne gani, umeonaje, kwa nini hariri hiyo na mshono huo, umebadilisha nini. Ukurasa ukiandikika, utajua kilichobaki ni wiki ngapi, utahesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ile, na utalipigia simu lile kundi uwaambie umerudi. Ukikaa jioni mbili na ukurasa haujaandikika, kata uzi. Toa sindano, fungua fremu, kunja kitambaa. Hiyo nayo ni hukumu ya haki, na sitakuuliza tena habari zake.

Sufu yako ipelekwe friza leo hiihii.

Nami nimefanya nilichokushauri. Ule mkanda wa pili, wa vibao 24, nilikuwa nimeuanza kumjibu jaji: sufu mwanzo hadi mwisho, kugeuza kwa hesabu, kila mizunguko minane. Nikaliacha jibu katikati miaka kumi na mmoja. Jumapili nilikaa nikaandika maelezo yake, kurasa mbili na robo. Kwenye sehemu ya niliyobadilisha nimekiri kwamba uzi umesokotwa kwa mashine, kwa sababu vidole vyangu vya sasa havisokoti uzi mwembamba tena. Nondo hawakuugusa, sijui kwa nini. Labda ulikuwa umebanwa sana. Nimejiandikisha. Zimebaki wiki tisa na shibiri nne.

Nakutumia humu kurasa hizo pamoja na fomu tupu ya majaji. Ijaze kabla sijaonyesha wengine. Usiniandikie “nzuri sana Mama”. Nataka uulize. Nimekuwekea pia ile fomu ya zamani uione kwa macho yako, lakini hiyo irudi, ni ya bahasha yangu.

Baba yako anakusalimu. Anauliza sufu itatoka lini kwenye friza. Akikupigia mwambie Jumanne.

Ni mimi,
Mama yako